Testi Iliyofaulu Ijumaa Tu

Nyinyi vijana mnaoandika programu, nawasikia mkilalamika. Hasa mjukuu wangu Apio. Umeme ukikatika kwao anakuja kwangu Bwaise, anafungua kompyuta yake juu ya meza yangu ya kulia, na kabla ya kunisalimia vizuri mimi jaja yake, yaani bibi yake, ameshaanza kuitukana.

"Jaja, testi hii ya kujaribu programu yangu ina pepo. Asubuhi imefaulu, sasa imeanguka, na sijagusa kitu!"

Halafu anabonyeza tena. Ikianguka, anabonyeza tena. Ikifaulu anapiga makofi, anafunga kompyuta na kuomba chai.

Chai nampa. Ila siku moja nilimuuliza, "Apio, umejua kwa nini sasa imefaulu?" Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha. Kwake yeye, kuanguka ndiko kunahitaji sababu. Kufaulu ni haki yake.

Basi nikamwambia habari za Ijumaa zetu. Akasema, Jaja, andika, na wenzangu wasome. Mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta nimeandika kama ninavyoongea, vumilieni. Kazi yenyewe naijua. Wakati wa serikali ya wanajeshi, mama yake Apio hajazaliwa, nilikuwa kwenye chumba cha kompyuta hapa hapa Kampala, na testi ya namna hiyo nusura itupotezee mtu.

Kwanza mjue kazi ilivyokuwa. Hakukuwa na kioo cha kutazama wala vitufe vya kubonyeza ovyo. Kila habari ilitobolewa kwenye kadi ngumu, matundu madogo madogo, halafu kadi zinapangwa kama karata na kulishwa mashine ya kusoma kadi. Sisi wasichana ndio tuliotoboa. Nawakumbuka wote: Beti aliyecheka kwa pua, Magreti, Khadija, Sara mrefu na Sara mfupi. Lakini kwa habari hii mnamhitaji mmoja tu, mkubwa wetu, Tereza, ambaye kwa kuwa alizaa mapacha kila mtu alimwita Nalongo.

Nalongo alikuwa na masikio, jamani. Alishika rundo la kadi, akalipepea karibu na shavu lake, frrrr, kisha akachomoa moja katikati. "Filo, hii iko na maji. Itakwama." Nami naitia kwa ubishi, inakwama. Mvua ya Kampala mnaijua. Ikinyesha, kadi zinavimba kidogo, mashine inameza polepole kama mtoto anayelazimishwa uji. Hilo likumbukeni, kwa sababu lilitusumbua.

Na chumba cha mashine kilikuwa baridi, kwani mashine ikipata joto inazimia. Nilikwenda soko la Owino kutafuta sweta nene. Muuzaji akanicheka, "Dada, unahamia Kabale, kule kwenye baridi ya milimani?" Nikamwambia nafanya kazi ndani ya jiji, ila ofisini kwetu hakuna jua. Akaniongezea bei, akidhani nafanya kazi na wakubwa.

Baadaye nilitolewa kwenye kutoboa nikawekwa kwenye kulisha kadi, pamoja na Ismail. Huyu alikuwa Mnubi wa Bombo, mtoto wa askari kama mimi, maana baba yangu alikuwa polisi aliyetoka Kaskazini. Kiswahili chetu kilikuwa cha kambini, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia wanashika kichwa. Kulikuwa na mashine mbili za kusoma kadi. Moja ya Ismail, moja yangu. Alikuwa mtu wa utani kutwa, na kadi zake hazikuwahi kuanguka chini hata akicheka.

Aliyeandika programu alikuwa Wafula, Mkenya, mlokole, mtu asiyesema uongo hata wa kumfurahisha mpishi.

Sasa njooni kwenye shida. Ofisi yetu ilitakiwa kuweka hesabu za bohari moja kule Namuwongo, karibu na reli, bohari ya sukari, chumvi na sabuni. Miaka ile, wanangu, kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kupeana kwa kunong'ona. Mtunza bohari alikuwa Mzee Odongo, mpole, anayetembea kama anaogopa kuikanyaga ardhi. Aliyekuwa hapo kabla yake aliitwa Bwana Kagwa. Hesabu za Kagwa hazikulingana na magunia yake. Watu wakaja na gari mchana kweupe, wakamtia kwenye buti, nyuma kwenye mizigo. Mkewe alizunguka kuuliza mpaka miguu ikavimba. Hatukumwona Kagwa tena.

Kwa hiyo mnaelewa: gunia likipotea kwenye karatasi tu, na bohari imejaa, bado mtu anaweza kufa.

Wafula aliandika programu mbili. Moja tuliiita Ingiza, ya mizigo inayoshuka kwenye treni. Nyingine Toa, ya mizigo inayopakiwa kwenye malori. Mashine yetu iliweza kuendesha zote mbili kwa pamoja, na hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Ingiza inasoma hesabu ya sukari kwenye diski, pale mashine inapotunza kumbukumbu, inajumlisha, inaandika hesabu mpya. Toa nayo inasoma hesabu ile ile, inapunguza, inaandika. Testi ilikuwa rahisi: tunaingiza magunia kiasi fulani, tunatoa kiasi hicho hicho, mwisho hesabu irudi ilivyoanza. Mtoto angeielewa.

Siku ya kwanza ikafaulu. Siku ya pili sukari ikapungua. Tukairudia, ikafaulu. Tukairudia, sukari ikazidi! Ismail akasema, "Hii siyo kompyuta, hii ni duka la mjomba wangu."

Kila mtu akawa na dawa yake. Nalongo alisema ni kadi. Tukatoboa upya, wapi. Ismail alisema ni mvua, na kweli, siku za mvua ilifaulu mara nyingi kuliko siku za jua, tukachoka kabisa. Wafula, mtu wa sala, akafanya kosa ambalo nyinyi mnalifanya mpaka leo. Alitia ndani ya Toa neno la kusubiri. Subiri kidogo, kisha endelea. Wiki ile testi ikatulia, tukanunuliana mandazi. Wiki iliyofuata kadi zikawa kavu, mwendo wa Ingiza ukabadilika, na ugonjwa ukarudi. Kusubiri kulikuwa kumeuhamisha tu, na kuupata sasa ikawa vigumu zaidi. Apio naye anayo hiyo "subiri" kwenye kazi yake. Nimeiona. Alinificha kioo.

Lakini Ijumaa ilifaulu. Kila Ijumaa. Mvua inyeshe, jua liwake, Ijumaa haikuanguka.

Mkuu wetu alikuwa Meja, aliyeletwa kutoka kambini baada ya meneja wa zamani kukimbia nchi. Jina lake sijalisahau, ila ulimi wangu mpaka leo unapenda kusema Meja tu na kunyamaza. Aliona karatasi za Ijumaa zote safi, akafurahi, akaja chumbani kwetu na buti zake akamwita na Mzee Odongo asikilize.

"Ijumaa iko siku ya baraka," akasema. "Ijumaa hii wakubwa nakuja, naona mashine nafanya kazi. Kuanzia hapo, hesabu yote ya bohari iko ndani ya mashine. Odongo nasema kitu moja, mashine nasema kitu ingine, mimi nasikia mashine. Umeelewa, Odongo?"

"Nimeelewa, afande."

Meja akaondoka. Sisi, niseme kweli, tulipumua. Ijumaa tungepita. Nalongo akamimina chai. Mzee Odongo alibaki amesimama, kikombe mkononi, hanywi. Jina lake peke yake, jina la Kaskazini, siku zile lilitosha kumtia mashakani bila hata gunia kupungua.

"Wafula, mwanangu," akauliza, "hii mashine inakosea?"

"Ijumaa haikosei, mzee."

"Sukari haiji Ijumaa. Treni ya sukari inakuja Jumanne."

Chai ikatupoea mikononi. Wafula akaweka kikombe chini, akavuta kiti katikati ya chumba. "Haya. Tumehangaika kuuliza siku mbaya zina nini. Sasa mniambie, Ijumaa ina nini? Nani anafanya nini tofauti?"

"Ijumaa tunakula samaki," nikasema, maana mimi Mkatoliki.

"Kompyuta haili samaki, Filo."

"Ijumaa testi tunaipiga mchana," akasema Nalongo, "kwa sababu ofisi nyingine hazitumii mashine saa hiyo."

Ismail akacheka. "Ijumaa mchana mimi sipo! Niko msikitini. Labda mashine inanikosa, inaona haya kuharibu kazi."

Tukacheka wote. Halafu Wafula akaacha kucheka kabla yetu. Akanigeukia. "Filo. Ismail akiwa msikitini, nani analisha mashine yake?"

"Mimi."

"Unalishaje mbili peke yako?"

"Nina mikono miwili tu, Wafula. Namaliza Ingiza, ndipo nakwenda kule kwa Toa."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa programu mbili hazikuwahi kukutana. Moja ilimaliza, nyingine ikaanza. Testi haikujaribu kitu chochote! Na siku za mvua, kadi zangu zilipokwama, Ismail alikuwa anamaliza zake peke yake, nazo hazikukutana sana. Siku nzuri za kavu, sisi wawili tukilisha sawasawa kama wapiga ngoma, hapo ndipo zilipogongana. Tulipofanya kazi vizuri, ndipo ilipoanguka.

Nawaomba mlishike hilo kabla ya mengine yote. Testi ikifaulu wakati mwingine, chunguzeni sana ile siku ya kufaulu. Huenda siku hiyo haikupimwa.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimheshimu Wafula mpaka leo. Hakukimbilia kurekebisha. Alisema, "Leo sitaki ifaulu. Nataka ianguke, na ianguke kila mara ninapotaka mimi." Akatia ndani ya kila programu mahali pa kusimama: ukishasoma hesabu, kabla hujaandika, ngoja mpaka mtu apige neno kwenye mashine ya amri. Siyo "subiri kidogo" ile ya kubahatisha. Hii ni kusimama mpaka uambiwe. Ismail akalisha, nikalisha. Ingiza ikasoma, ikasimama. Toa ikasoma hesabu ile ile, ikasimama. "Ingiza, andika." Ikaandika. "Toa, andika." Ikaandika juu yake, na magunia yaliyoingia yakafutika kama hayakuja. Tukarudia, yakafutika. Tukageuza zamu, yakafutika yale yaliyotoka. Ismail akaanza kucheza katikati ya mashine.

"Wewe mlokole, leo unafurahia dhambi!"

"Dhambi inayojulikana inatubika," Wafula akamjibu, naye anacheka mpaka miwani inateleza.

Nalongo akaja kuona kelele ni za nini. Wafula akamweleza. Nalongo akapiga paja. "Banange, jamani! Huo ni mchuzi wetu wa Jumatano." Na kweli, Jumatano ile tulipika pamoja nyuma ya ofisi. Yeye alionja, hakuna chumvi, akaenda kuichukua. Mimi nikaonja, hakuna chumvi, nikaenda kuichukua. Kila mmoja akatia yake. Hakuna aliyekosea kuonja wala kutia, ila kati ya kuonja na kutia kulikuwa na mlango wazi, na mwenzako akapita hapo.

Dawa ilikuwa kufuli. Atakayeshika hesabu ya sukari, mwenzake angoje nje. Wafula aliliweka mara ya kwanza mahali pabaya: programu ilisoma kwanza, ndipo ikafunga mlango ili iandike. Lingekuwa jambo la kubonyeza tu na kutazama, lingefaulu mara kadhaa na tungeshangilia. Lakini tulikuwa na pale mahali petu pa kusimama, tukalijaribu pale, likaanguka papo hapo. Akalivuta nyuma: funga, soma, andika, ndipo ufungue. Likasimama imara.

Kisha tukajaribu behewa na lori, kila moja lenye sukari na chumvi pamoja. Taa zote za mashine, zile za kumetameta ikifanya kazi, zikaganda. Hakuna kosa, hakuna karatasi, kimya. Ingiza ilikuwa imefunga sukari inangoja chumvi, Toa imefunga chumvi inangoja sukari. "Kama shemeji zangu wawili mlangoni," Nalongo akasema, "tangulia, hapana tangulia wewe, mpaka chakula kinapoa." Wafula akaweka sheria: kila programu ianze kufunga chumvi, ndipo sukari, hakuna kugeuza. Taa zikametameta tena. Ni sheria ndogo, na mpaka leo nasikia mnasahau.

Ikabaki kazi kubwa kuliko zote, kumwambia Meja asifanye Ijumaa.

Kumbukeni, Ijumaa ingefaulu hata bila dawa. Wakubwa wangepiga makofi. Na kufuli lenyewe lilikuwa jipya, hatujaliona likifanya kazi na watu wanatazama. Wafula angeweza kunyamaza, akapanda basi kwenda kwao Kenya mwisho wa mwezi. Nalongo akaniambia, "Filo, nenda nao. Mkenya na Ismail wasiachwe peke yao mle." Nikaenda.

"Mimi nimesema Ijumaa," Meja akasema.

"Ndiyo, afande," Wafula akajibu. "Lakini Ijumaa inafaulu kwa sababu Ismail yuko msikitini."

Meja akamgeukia Ismail polepole. "Sasa kusali iko makosa?"

Ismail akasimama wima kama baba yake alivyomfundisha. "Hapana, afande. Kusali iko sawa kabisa. Makosa iko siku ile mimi niko kazini."

Mdomo wa Meja ukavutika upande mmoja. "Eleza."

Wafula akaanza na diski na hesabu, nikaona macho ya Meja yanahamia dirishani. Ismail akamkata kauli. "Afande, ni askari wawili kwa geti moja. Kila mmoja nafikiri iko peke yake kwa lindo. Moja nafungulia gari, ingine hajui, naandika kwa kitabu geti ilikuwa imefungwa."

"Hiyo nimeona," Meja akasema, na sauti yake ikabadilika. "Watu nakufa hapo." Akafikiri. "Na Ijumaa, iko askari moja tu."

"Ndiyo, afande."

"Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa nadanganya mimi." Akagonga meza kwa kidole. "Alhamisi. Wote mbili iko kazini. Na kadi natia mimi mwenyewe. Ikianguka, nyinyi mnajua."

Tulijua.

Alhamisi jua liliwaka, hata wingu la kutupa huruma halikuwepo. Wakubwa walipangiwa viti. Meja akakaa kwenye mashine yangu, akatia rundo la kadi kichwa chini, mashine ikazitema. Nalongo akasogea, akapiga goti kidogo kama Waganda wanavyofanya. "Samahani, afande. Kona iliyokatwa iangalie kwako." Akazigeuza yeye mwenyewe, kwa heshima, kana kwamba kadi ndizo zilizokosea.

Zikaingia. Ismail akalisha zake upande ule. Printa ikapiga kelele, karatasi ikatoka, Wafula akaisoma mara mbili. Hesabu imerudi ilivyoanza. Meja akaamuru turudie. Haraka zaidi. Polepole. Ismail atoke, Ismail arudi. Lori la sukari na chumvi. Kila mara ikarudi sawa. Mwishowe akachoka kulisha, akainuka na kusema, "Iko sawa," nao wakaondoka.

Vijana, ningeweza kuishia hapo na mngepiga makofi. Lakini testi ni testi tu. Treni ilikuja Jumanne.

Siku ile malori yalipakia huku mabehewa yakishushwa, Ingiza na Toa kwa pamoja, jambo lile lile lililokuwa likituvunja. Karatasi ilipotoka, askari waliichukua ikiwa bado na joto la printa wakaenda nayo Namuwongo kuhesabu magunia. Hakukuwa na simu ya kuuliza. Tulitoboa kadi na kuziharibu, mpaka Nalongo akatukataza kugusa kitu. Wafula alikaa ameangalia mlango. Hakuna aliyesema jina la Kagwa.

Mchana umekwenda sana, Mzee Odongo akaingia kwa miguu yake, viatu vimejaa vumbi la reli, unga wa sukari mabegani.

"Wamehesabu," akasema. "Wamehesabu mara mbili. Karatasi na magunia yamesema neno moja."

"Na askari?" Wafula akauliza.

"Wameomba maji ya kunywa. Wamekwenda."

Ismail akapiga ukelele, mimi nikamkumbatia Nalongo, Wafula akainamisha kichwa akaomba kimya. Mzee Odongo alisubiri tumalize. Kisha akaonyesha maboksi ya karatasi za printa pembeni mwa ukuta. "Naweza kukaa hapo kidogo? Hizi siku silali."

Akakaa. Kabla sijamletea sweta langu alikuwa ameshalala, mdomo wazi, katika kelele zile zote. Tukafanya kazi kwa kumzunguka, kila anayetaka karatasi akiichomoa taratibu kutoka boksi la upande. Hakuna aliyemwamsha mpaka saa ya kufunga ofisi. Hapo Ismail akamgusa bega.

"Mzee. Amka, twende. Kwako wanakungoja."